Mgonjwa wa Chumba cha Baridi

1

Tangu kamati ya jubilei ilipomkabidhi kazi ya kuandika historia ya hospitali, Daktari Sifaeli Mchome hakutulia. Mara aanze sentensi, mara ainuke aende dirishani kuitazama tambarare iliyotandwa na ukungu wa joto huko chini, mara arudi aifute sentensi ile ile. Mumewe alimwambia kwamba siku hizi hata usingizini anahangaika, anapapasa shuka kama mtu aliyepoteza kitu.

Hospitali ya Ngoriko, juu katika milima ya Upare, ilikuwa inatimiza miaka mia mbili. Ukuta mzima wa ukumbi wa wagonjwa wa nje ulikuwa umepakwa rangi upya na kuachwa mtupu ukisubiri mabango. Mengine aliyaandika kwa raha. Aliandika habari za zahanati ya bati ya mwaka 1904, ambako wamisionari walisafisha vidonda vya miguu huku mbuzi wakichungulia mlangoni. Aliandika jinsi akina mama walivyobeba mawe kichwani kutoka mtoni ili ijengwe wodi ya wazazi. Maabara ya kwanza ilikuwa na darubini moja na jiko la mafuta ya taa. Halafu ukaja ule mwaka dawa za UKIMWI zilipofika, na watu waliokwisha kuagwa na ndugu zao wakainuka vitandani, wakarudi shambani kupalilia.

Alikwama kwenye bango la mwaka 2041.

Kila mtoto wa shule wa mkoa ule alilijua jambo la mwaka 2041. Homa ya tambarare ilikuwa ugonjwa mpya wakati huo. Ilizuka bondeni kila msimu wa mvua za masika, ikaua watu kwa kuwajaza damu mapafuni, na madaktari hawakuwa na la kufanya zaidi ya kumpa mgonjwa maji na kumshika mkono. Mwaka ule aliletwa mkulima wa tangawizi aitwaye Nakijwa, mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyekuwa ameteremka bondeni kuuza mazao yake. Alikuwa hoi. Badala ya kumwacha afe, walimpoza. Damu yake ilitolewa polepole, ikapitishwa kwenye mashine, ikarudishwa ikiwa imechanganywa na kimiminika kisichoganda, mpaka moyo wake ukawa unapiga kwa nadra kiasi kwamba anayesimama kuusubiri huanza kudhani umekoma. Alikuwa mtu wa kwanza katika nchi yote kulazwa usingizi wa baridi. Wageni walitoka mbali kuja kumtazama nyuma ya kioo.

Ugonjwa nao ulilala pamoja naye, lakini haukulala kabisa. Miaka minane baadaye mtafiti mmoja aliipima damu yake, akakuta uboho wa mifupa bado unatengeneza kingamwili, wale askari wa damu wanaovishika virusi na kuvizuia. Ndani ya mwili ule wa baridi virusi vilikuwa vikijigeuza taratibu, na mwili ulikuwa ukivifuata kila vilikogeukia. Hakuna damu nyingine iliyoweza hivyo, maana aliyepona huacha kupigana na aliyeshindwa hufa. Nakijwa peke yake alikuwa bado yuko vitani.

Katika damu hiyo ilipatikana sindano. Watu waliiita sindano ya Bibi. Kila mwaka kabla ya masika droni zilishuka bondeni na masanduku yake, na waliokuwa wamekwisha kuugua walipewa dozi kubwa wakapona. Sifaeli mwenyewe alipewa akiwa na miaka sita, mama yake amemkumbatia na kulia kwa sauti ya chini. Watafiti walijaribu kutengeneza kingamwili zile bila kumtegemea Nakijwa, lakini kila nakala ilifaa msimu mmoja tu, kisha virusi vikaizoea. Baadaye walichoka kujaribu. Kulikuwa na haja gani, na Bibi yupo?

Kilichomkwamisha Sifaeli kilikuwa sentensi moja. Alitaka kuandika kwamba Nakijwa alilazwa usingizi mpaka itakapopatikana dawa. Ndivyo alivyoahidiwa, na hakuna aliyeficha. Hata waliowatembeza wageni walilisema. Sasa dawa ilikuwa imepatikana zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Ilitoka mwilini mwake, ikaponya mkoa mzima, na yeye tu ndiye ambaye hakuwahi kupewa.

2

Niwaeli alikuja Ijumaa, kama kawaida yake. Alikuwa bibi wa miaka sitini na saba, mrefu, aliyevaa kitenge kilichopigwa pasi vizuri. Kwa miaka mingi alikuwa akija kuketi kwenye benchi mbele ya kioo, akimsimulia mama yake habari za nyumbani kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaochambua mboga pamoja. Wauguzi walikuwa wamemzoea. Wapya ndio waliostuka kidogo walipoelezwa kwamba yule bibi ndiye mtoto, na yule msichana aliyelala ndiye mama.

Siku hiyo hakuketi. Alienda moja kwa moja ofisini kwa Sifaeli, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa chumba cha baridi, akamweleza kwamba madaktari wa moyo walikuwa wamemwambia ukweli. Moyo wake ulikuwa umechoka, na dawa zilikuwa zinausukuma tu.

"Mwanangu, mimi sina muda," alisema. "Nataka mama yangu aamke wakati bado naweza kumpokea."

Sifaeli alimjibu kama alivyofundishwa kujibu. Alisema suala hilo liko mbele ya bodi, kwamba masika yamekaribia, kwamba baada ya masika litaangaliwa upya. Aliyasikia maneno yake mwenyewe yakitoka, akaona aibu kabla hajayamaliza.

Niwaeli hakukasirika. Alisema hiyo baada ya masika ameisikia kwa wakubwa wote waliomtangulia Sifaeli kwenye kiti kile, na wote walikuwa watu wema. Akasimulia jinsi siku mama yake alipolazwa, akiwa na miaka minne mikononi mwa baba yake, daktari alivyoinama akamwambia mama analala kidogo. Baba yake, Yoeli, alingoja mpaka akafa. Hakuoa tena.

"Watu walimsema," alisema Niwaeli. "Yeye akawa anawajibu, nioeje na mke wangu yupo?"

Alipoondoka, Sifaeli alizunguka ofisini kama kuku anayetafuta pa kutagia. Kisha akapanda ngazi kwenda kwa mganga mkuu.

3

Mganga mkuu, Daktari Mrutu, alikuwa mtu wa bondeni. Alikulia kijiji kimoja kilichopakana na mbuga, akawazika kaka zake wawili mwaka ambao droni zilichelewa. Hakuwa mtu wa kupandisha sauti. Alimsikiliza Sifaeli mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amewahi kuiona wodi ya homa isiyo na sindano. Sifaeli alikiri hajawahi. Mrutu akasema yeye ameiona, na hatamweleza, kwa sababu hakuna maneno yake.

Hesabu ya kitabibu ilikuwa wazi kwa wote wawili. Nakijwa akipashwa joto, ugonjwa ungeamka naye. Angeweza kuponywa kwa dozi moja kubwa, lakini akipona uboho wake ungefunga kazi. Akiba iliyokuwa ghalani ingetosha watoto na wajawazito kwa msimu mmoja, si zaidi. Nakala za maabara zilikuwa zimekwisha kuwa butu, na kuanza utafiti upya kungechukua miaka.

"Nitamwamsha nimuulize," alisema Sifaeli. "Akikubali kurudi, nitamrudisha."

"Hakuna aliyepozwa mara mbili akaamka. Unalijua hilo."

"Nalijua. Na yeye ataambiwa."

Mrutu alivua miwani. Akasema swali la namna hiyo huwezi kumwekea mtu aliyefumbua macho sasa hivi, mtu ambaye hata mwaka haujui. Utakuwa umejitua mzigo wako ukamtwisha mgonjwa. Sifaeli aliona kuna kweli ndani yake, na kweli hiyo ilimchoma. Lakini akasema mzigo huo Nakijwa ameubeba miaka yote hii, tofauti ni kwamba hajaambiwa.

"Na wale wa bondeni?" aliuliza Mrutu. "Wao nani atawauliza?"

  Mganga mkuu alivaa tena miwani, akasema bodi itakataa, naye hatasaini. Hakusema atamzuia.

Bodi ilikataa siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi, wauguzi wakiwa wanabadilishana zamu na wagonjwa wa nje wanaanza kujipanga chini, Sifaeli aliingia chumba cha baridi pamoja na muuguzi mmoja aliyejitolea, kijana mpole aitwaye Kajiru, akaanza kuipandisha joto mashine.

4

Kumpasha mtu joto ni kazi ya subira, na Sifaeli hakuwa na subira. Damu ilitakiwa kupanda nyuzi kidogo kidogo, na kila hatua figo na ubongo vikaguliwe. Alikuwa akiketi, akiinuka, akiisoma mashine, akiketi tena. Habari zilienea. Watu walikusanyika nje ya kioo, wengine wakiomba, wengine wakimtazama kwa macho makali. Ijumaa alasiri Daktari Mrutu alikuja akasimama katikati yao. Hakubisha hodi.

Niwaeli aliruhusiwa ndani. Aliketi kwenye kiti kando ya kitanda, mikono yake mapajani.

Nakijwa alifumbua macho jua likiwa bado juu ya milima. Mwanzo aliona dari tu. Kisha akakohoa, akatazama huku na huku, akamwona bibi mzee aliyeketi kando yake. Alikuwa binti aliyelelewa vizuri. Alijitahidi kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

"Shikamoo, bibi," alisema.

Niwaeli alifungua mdomo, na ile marahaba haikutoka.  Sifaeli alitaka kuingilia kati, akajizuia.

"Shikamoo, mama," alisema Niwaeli.

Nakijwa alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayemvumilia mzee aliyepotewa na akili. Akamgeukia Sifaeli akauliza mtoto wake yuko na nani, kwa maana alimwacha mlangoni na baba yake na hajala. Sifaeli akamgeuzia Niwaeli macho. Ndipo Nakijwa akamtazama tena yule mzee, na safari hii hakuyaondoa macho. Alimtazama paji la uso, shavu, akafika pembeni ya kichwa ambako kitambaa kilikuwa kimesogea. Aliinua mkono wake dhaifu akalishika sikio.

"Masikio ya Yoeli," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamika.

Niwaeli aliinamisha kichwa kitandani akakiweka pale, na mama yake akakishika. Walikaa hivyo. Kajiru alijifanya anarekebisha dripu ambayo haikuwa na tatizo.

Homa ilikuwa imeanza kupanda, kwa hiyo Sifaeli hakuweza kuwaacha kadiri alivyotamani. Alivuta kiti. Hakujua amwiteje. Mkoa mzima ulimwita Bibi, na huyu aliyekuwa mbele yake angeweza kuwa binti yake. Alimwita kwa jina. Alimweleza mwaka, akamweleza kuhusu damu na sindano, akamweleza kwamba yeye mwenyewe yu hai kwa sababu yake. Kisha akamwambia kuna njia mbili, na zote akazisema bila kuzipaka asali.

Nakijwa alisikiliza huku kidole gumba chake kikipitapita kwenye nywele nyeupe za binti yake. Aliuliza huko bondeni wanaishi watu wangapi. Sifaeli akasema karibu laki nne, ingawa si wote watakaougua. Aliuliza kama wakimpoza tena ataamka. Sifaeli akasema hadhani. Aliuliza kama muda wote huo, miaka yote, hapakupatikana mtu wa kutafuta njia nyingine. Sifaeli akasema walitafuta kidogo, kisha wakaacha.

"Mimi nilikuja hospitali kutibiwa," alisema Nakijwa. Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu anayewakumbusha jambo ambalo huenda limewapitia kwa sababu ya shughuli nyingi. "Nilikuja kutibiwa, nirudi nyumbani."

Sifaeli aliinua macho kuelekea kioo. Mrutu alikuwa ameweka kiganja chake juu ya kioo. Baada ya kitambo alikiondoa, akageuka, akapenya katikati ya watu akaenda zake.

Dawa ilikuwa tayari kwenye trei. Sifaeli aliuchukua mkono wa Nakijwa, akatafuta mshipa, akachoma.

5

Jubilei iliahirishwa. Sifaeli alivuliwa usimamizi, akarudishwa kuwa daktari wa kawaida, na ingekuwa si upungufu wa madaktari msimu ule angefukuzwa kabisa. Mtaani wengine walimsalimia kwa kumshika mkono kwa mikono miwili, wengine walivuka barabara.

Masika yalishuka kwa nguvu. Sindano zilizobaki walipewa watoto na wajawazito. Mara nzi wa mbugani, wanaoeneza homa hiyo kwa kuuma, wakaongezeka, na wodi ya homa ikafunguliwa upya, na Sifaeli akaiona ile wodi ambayo Mrutu alikataa kumweleza. Aliona ni kweli haina maneno. Alifanya kazi humo mpaka miguu ikavimba. Mrutu naye alikuwa humo kila siku, na hakumlaumu hata mara moja. Siku moja tu, wakinawa mikono pamoja kwenye sinki, alisema yule wa kitanda cha mwisho ni mtoto wa binamu yake.  Yule wa kitanda cha mwisho alikufa Jumapili.

Walikufa zaidi ya sitini kabla mvua hazijakatika. Sifaeli alijifunza majina yao, kwa maana aliona hana haki ya kutoyajua. Kuna usiku alijiuliza kama alikosea, na kuna usiku alijua hakukosea, na usingizi haukuja usiku wowote.

Serikali ilileta watafiti na mashine mpya. Kazi iliyolala tangu zamani ikaanza tena, kwa haraka ya watu wanaosikia mlango unagongwa.

Niwaeli alifariki mwanzo wa kipupwe, nyumbani kwake, miezi michache baada ya kumpata mama. Nakijwa ndiye aliyemuuguza. Alimwogesha, alimlisha uji kwa kijiko, alimkaripia alipokataa dawa. Msibani watu hawakujua waseme nini. Walimkuta kijana mwenye ngozi nyororo ameketi kwenye mkeka wa mfiwa, na kila aliyeinama kumpa pole kwa kumzika mama yake alilazimika kusahihishwa kwamba anayezikwa ni mwanawe.

Wiki kadhaa baadaye alitokea mfugaji mmoja kutoka bondeni, Saning'o, aliyefiwa na mkewe katika homa ile. Sifaeli alikuwa pale kumjulia hali Nakijwa, na alipomwona yule mwanamume amesimama uani na fimbo yake, alisogea karibu na Nakijwa. Saning'o alisema hakuja kwa ubaya. Alikuwa amesikia maisha yake yote habari za Bibi, alitaka kumwona mtu mwenyewe. Nakijwa alimpa pole, akamkaribisha chai.  Nakijwa aliuliza mkewe aliitwa nani, naye akamtajia. Kisha akaaga akaondoka, na Nakijwa akabaki ameshika vikombe viwili mpaka Sifaeli akavichukua.

Kule maabara watafiti walikuwa wamefikia mahali pagumu. Askari wa damu ya Nakijwa walikuwa wameacha kazi, lakini kumbukumbu ya vita vile huenda ilikuwa bado imejificha ndani ya uboho wake. Tone dogo la uboho kutoka nyongani lingeweza kuwafundisha namna ya kutengeneza kingamwili zinazojigeuza. Walibishana nani aende kumwomba. Wengine walisema atumiwe mkuu wa wilaya. Mrutu alisema aende Sifaeli, na aende peke yake.

Alimkuta shambani, anachimba tangawizi kwenye shamba lililokuwa la Yoeli. Sifaeli alisimama kwenye tuta, viatu vimejaa udongo, akamweleza wanachokitaka na kwa nini. Alisema pia kwamba anaweza kukataa, na akikataa hakuna atakayerudi kumsumbua.

 Nakijwa alikung'uta udongo kwenye tangawizi, akaiweka kwenye kapu, kisha akaanza kuuliza. Aliuliza sindano hiyo ina urefu gani, na maumivu yake yakoje, na watamchoma akiwa macho au la. Alisema kulala hatakubali. Aliuliza hicho watakachokitoa kitakaa wapi, kitakuwa mali ya nani, na yeye akifa watakifanyia nini. Aliuliza kama kuna mtu atakayepona kwa sababu hiyo au ni kujaribu tu. Maswali mengine Sifaeli aliyajua, mengine alisema hayajui, na kwa hayo Nakijwa alimwambia akaulize. Jua lilisogea mpaka kivuli cha mgomba kikawafikia wote wawili. Sifaeli aliketi chini kwenye udongo.

"Nitakuja Jumatatu," Nakijwa alisema hatimaye. "Na Jumatatu hiyo hiyo ninarudi nyumbani kwangu."

Alikuja kwa miguu, amevaa viatu vipya vya kushonewa. Alichomwa akiwa macho, ameuma upindo wa kanga, na hakulia. Uboho ulipofika kwenye vyombo vya maabara watafiti waliuzunguka, na kazi yao ilianza jioni ile, ingawa iliwachukua miaka mitatu kabla sindano mpya haijashuka bondeni.

Sifaeli hakubaki kuwatazama. Alimshika Nakijwa mkono kwa sababu ya nyonga iliyokuwa inauma, wakateremka ngazi za hospitali pole pole, wakapita lango, wakapanda kilima kidogo kinachoelekea nyumbani kwa Nakijwa wakipumzika kila walipotaka. Mlangoni waliagana. Nakijwa aliingia, na Sifaeli akasimama uani mpaka alipoona taa imewaka ndani.